Anayeoga Mwisho

Nilipoonyeshwa bafu ya ile nyumba ya wageni, sikuiona bahari iliyokuwa nje ya dirisha. Niliona kigoda na beseni. Wewe uliyekulia ploti utanielewa. Nimetumwa na kazi hadi Japani kwa mafunzo ya kuwatunza wazee, wenyeji wetu wametupeleka tupumzike kwenye kijiji cha wavuvi chenye chemchemi ya maji moto, na pale mbele yangu pana kigoda kifupi cha mbao na beseni juu yake, kana kwamba nyanya yangu, Dani, alikuwa ametangulia kunipangia.

Mwenye nyumba alikuwa mama mzee aliyetembea akishika ukuta, kwa sababu ya magoti. Alitupokea mlangoni, akatuvua viatu kwa macho tu, akatukabidhi majoho ya pamba ya kujifunga. Mle ndani sakafu ilikuwa mikeka mitupu, inanukia nyasi kavu. Mkalimani wetu, dada mmoja mcheshi, alinieleza mambo ya bafu. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia kwenye lile tangi la mbao lililojaa maji ya chemchemi. Nikamuuliza, kama nimeshatakata, huko ndani naingia kufanya nini? Akacheka, akasema unaingia kukaa.

Mimi na maswali ni ndugu tangu zamani. Mwalimu wangu alimwambia mama kwamba kama maswali yangekuwa maksi, ningekuwa namba moja darasani. Dani naye alisema maswali hayasongi ugali, lakini aliyajibu yote.

Dani ndilo jina nililomwita nyanya yangu, mama ya mama, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja Nairobi kuuza omena, wale dagaa wakavu wa ziwani. Tulikaa mtaa wa Kianda, mimi, mama na yeye, chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, mtaro ukipita katikati. Mama alitoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu mtaa wa Olympic. Dani alishuka mtaa wa Kisumu Ndogo na beseni lake la omena kichwani, akahakikisha amerudi kabla sijatoka shule, ili nikute mlango wazi. Alinuka samaki na moshi. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mtu aliyefika nyumbani.

Kuoga kulikuwa na sheria zake. Bafu ya ploti ilikuwa kijumba cha mabati kando ya choo, mlango wake unakuficha hadi mabegani, na uliingia na maji yako mwenyewe. Ukimaliza, yaliyobaki ulisuuzia sakafu, usimwachie jirani hata povu. Aliyesahau alitajwa kwa sauti mpaka akatoka na ufagio. Lakini jioni, ndani ya chumba chetu, mambo yaligeuka. Maji ya mtungi yalikuwa ya kununua na makaa vilevile, kwa hiyo yalichemshwa mara moja tu. Nilisuguliwa vumbi kwanza kwa kitambaa, kisha nikaingia ndani ya karai nyuma ya pazia. Baada yangu mama, baada ya mama Dani, karai lilelile, maji yaleyale. Nilimuuliza kwa nini mkubwa wa nyumba anaoga mwisho, na kwa nini kwenye bafu ya nje tunamwaga na huku hatumwagi.

"Mgeni na mtoto wanaoga kwanza," alisema. "Na kwa watu unamwaga. Kwa wako unawachia."

Mwaka nilipokuwa darasa la tano magoti yake yakaanza kumkataa. Alianza kukaa chini kwenye kona za njia, beseni mapajani, akijifanya anasalimia watu. Siku nyingine nilimkuta bado kitandani na omena haijauzwa. Mjomba akaja, akanywa chai yote, akasema ni heri mama yao arudi ushago, kijijini kwao, akapumzike. Dani hakubisha. Alisema kule nyuma ya mlima wa kwao kuna chemchemi ya maji moto inayonuka mayai, wanawake hukaa humo jioni wakipiga stori, na magoti hufunguka.

"Maji ya kwetu iko moto yenyewe," akasema. "Haina makaa, haina mwenyewe."

Aliyasema hayo akitabasamu, na mimi nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijiona nikirudi kutoka shule na kukuta kufuli. Usiseme mtoto hana akili. Niliona kama ni maji tu anayoyataka, tuyalete Kianda, basi asiende.

Nilimwambia jirani yetu wa mlango wa pili, mama aliyeuza mayai boilo pale stejini penye matatu. Nilitarajia anicheke. Yeye akanihoji kama daktari: yanakuwa moto kiasi gani, yananuka vipi, mtu anakaa au analala? Jumapili baada ya kanisa alizunguka ploti nzima, na kila nyumba ikatoa sufuria moja ya maji moto. Mama alileta lile beseni kubwa la bluu la kufulia mablanketi. Jirani akalitia chumvi, kisha, kwa heshima zote, akamimina maji aliyochemshia mayai yake tangu asubuhi. Mvuke ulipanda mpaka kwenye kamba za nguo. Dani aliinama, akanusa, akasema maji bado hayajanuka vizuri, labda yai moja lipasuliwe. Ploti ikaangua kicheko.

Kisha akaniharibia mpango wangu wote. Alikataa kuingia. Alituita watoto kwanza, tukasuguliwa miguu pale mtaroni, tukatumbukizwa mmoja mmoja tukipiga kelele. Wakafuata wanawake, wakikalia ukingo wa beseni wakiwa wameinua leso walizojifunga, wakijua wanaonekana na hawajali. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nalia. Moto wa yale maji ulikuwa wa magoti ya Dani, na sasa ulikuwa unaishia kwenye nyayo za watu. Alipoingia yeye, maji yalikuwa meusi, vuguvugu tu. Alikaa, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu iliyoanzia chini kabisa. Nikamwambia yamepoa.

"Haijapoa," alisema. "Imepita kwa watu wote. Sasa ndio imeiva."

Magoti hayakufunguka. Muhula ulipofungwa mjomba alikuja na begi, Dani akaenda, na mimi nikapewa ufunguo wangu niuvae shingoni kwa uzi. Baadaye alinipigia kwa simu ya mtu. Nikamuuliza habari ya chemchemi. Akasema wanawake wa kule walimpisha aingie kwanza, eti amekaa Nairobi sana, amekuwa mgeni. Ilimuuma. Alikaa kwenye jiwe mpaka wote wakatoka, ndipo akaingia.

Sasa turudi Japani, maana nilikuacha pale kwenye kigoda. Nilijisugua, nikaingia kwenye tangi, nikakaa. Maji yalikuwa makali, yananuka mayai kabisa, na nikacheka peke yangu. Nilipotoka, nikiwa wa mwisho kati yetu wageni, nikaona kizibo chini. Mikono yangu haikuniuliza. Nilikivuta, nikamwaga maji yote, nikasugua tangi, nikasuuza sakafu, nikatoka nikiwa najisifu kimoyomoyo kwamba hata mtu wa Kianda ana adabu.

Asubuhi tuliletewa wali, na juu yake visamaki vidogo vikavu. Nilivitazama sana kabla ya kula. Mkalimani akakaa karibu nami, akaniambia kwa upole kwamba maji ya chemchemi huingia kidogokidogo kwa mrija wa mwanzi, na tangi huchukua muda mrefu kujaa tena. Jana mama mwenye nyumba hakuoga. Wageni huoga kwanza, yeye huingia wa mwisho, kwa maji waliyoacha. Hakulalamika, aliuliza tu kama maji yalikuwa na kasoro.

Nikaweka kijiko chini. Nilikuwa nimemwaga kama kwa watu. Kumbe yule mama alikuwa amenihesabu kama wake.

Jioni ile, wenzangu walipomaliza tu, niliwahi. Nilijisugua mpaka ngozi ikalia, nikaingia, sikukaa sana. Nilipotoka nilifunika tangi kwa zile mbao zake ili moto usitoroke, nikaenda kumwita kwa ishara, nikimwonyesha magoti yake. Alinipigapiga mkono. Nilibaki kwenye korido, na haikupita muda nikasikia pumzi ndefu iliyoanzia chini kabisa. Sikuhitaji mkalimani.

Dani amelala karibu na mlima wake. Ile ploti ilibomolewa barabara ilipopita, na mama wa mayai boilo sijui alihamia wapi. Mimi nakaa Kawangware, ghorofani, nina shawa ya umeme. Unabonyeza, maji moto yanakuja, hakuna anayebisha mlango wala anayeuliza nimebakisha kiasi gani. Nikimaliza huzima, kisha husimama kidogo nikiyatazama yakishuka kwenye kitundu cha sakafu. Yanashuka yakiwa bado na moto wake, na hakuna anayeyangoja.