Infirmier aliuliza juu ya majani, nikanyamaza

Bakubwa ba hii forum, nabasalimia bote. Mimi huwa nasoma tu. Hata kwenye classe naona haya kunyoosha mukono. Haya niliandika kwanza kwenye cahier yangu, na sikuongeza kitu.

Tulikuwa tunakaa Mutwanga. Vita ilipofika tukakimbilia Butembo: mama, mimi, na mudogo wangu Kavira, wa miaka minne.

Koko, mama ya mama, ni mutu wa Alimbongo. Kule kwenye baridi kunaota majani ya harufu kali, anatumia kwa kikohozi. Majani tatu mabichi ndani ya kikombe, basi. Mama alikuwa na furushi yake ya kukauka. Tulikimbia nayo.

Kavira akapata homa na kikohozi. Njia ya centre de santé, kituo cha afya, ilikuwa imefungwa juu ya masasi, balikuwa banapiga risasi. Mama akaniambia:

"Masika, umutengenezee. Tatu tu."

"Tatu gani, mama? Yote ilishavunjika, ni unga."

"Basi pima na mukono."

Nikapima. Nikaona maji haijakolea, nikaongeza. Sikufikiri kama majani ikikauka, mengi sana inaingia ndani ya ngumi moja.

Kavira akaonja, akakunja uso. "Yaya, hii ni ya mbuzi!"

Tukacheka. Nikamubembeleza mpaka akamaliza. Kesho yake asubuhi nikamupa tena.

Saa sita mwili ikaanza kustuka, macho ikageuka. Convulsions, degedege. Siku ile njia ilikuwa imefunguka, mama akamubeba mbio, mimi nyuma.

Centre ilijaa batu. Test ya malaria ilikuwa imeisha, habakumupima. Infirmier, muuguzi wa pale, akauliza kwa sauti, mbele ya bote:

"Mulimupa majani? Ninyi bamama! Munaharibu mutoto kwanza, kisha munakuja kulia hapa!"

Kuko mutu mwenye alicheka.

Mama akaniangalia, halafu akasema: "Hapana, docteur."

Mimi ndiye nilijua kipimo. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanukia. Nikaangalia chini.

Kavira alikufa kabla ya jua kuzama. Kwenye fiche, karatasi yake ya pale, bakaandika paludisme, ni kusema malaria.

Kisha ya mazishi nilipeleka majani kwa mwalimu wa biologie, mutu wa Kasai. Alinusa, akafungua kitabu, akafunga.

"Hii ni jamaa ya sauge, ile mimea ya harufu Bazungu banatia mu chakula. Kuko sauge zingine, mafuta yao ikizidi inaleta convulsions. Lakini hii ya kwenu, sijaona mutu aliichunguza vizuri. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana."

"Koko aliwapa batu miaka mingi, mwalimu, hakuna aliyekufa."

"Nani alihesabu? Wenye walipona walirudi kumushukuru. Wengine?"

Nikafunga majani yangu, nikarudi nyumbani.

Donc sijui. Pengine ni malaria, pengine ni mimi. Mama anaambia bageni malaria. Anajua tulidanganya, lakini hajui nilitia ngapi. Kila siku nataka kumuambia, nashindwa.

Kitu nilijifunza: dawa kuwa ya zamani haimaanishi ilipimwa. Mutoto mudogo usimupe. Na infirmier akiuliza, sema, hata akikutukana mbele ya batu.

Kama uko infirmier ao umesoma mimea, niandikie hapa chini. Swali langu ni moja: ningesema kweli ile saa, mungeweza kumuponyesha?

Kama jibu ni ndiyo, andika ndiyo. Musinifariji.