Shikamoo Ndani ya Kumi na Nane

Msimu wangu wa mwisho wa mpira ulianza vibaya, na kwa muda mrefu nilidhani tatizo ni goti. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga hapa Handeni. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kufungua mashine na kuangalia kipi kinazungusha kipi. Magoli yaliponikaukia, nililichunguza goti kwa njia hiyo hiyo. Nilipanda kilima nikashuka, nikalinganisha mguu na mguu. Goti lilikuwa zima. Kilichokuwa kimekwenda ni kitu kingine: mpira ulifika mahali nilipopaswa kuwa, nami ndiyo kwanza nafikiria kwenda.

Nilikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa wetu tangu ujana, na jezi namba tisa haikuwahi kuvaliwa na mwingine. Watu walionifuata karakana walizungumzia kwanza goli langu la mwisho, ndipo wakasema mashine yao ina nini. Niliogopa kwamba nikivua jezi ile, watazungumzia mashine tu.

Siku moja tulicheza Segera na timu ya vijana wa Magoma. Beki aliyenikaba alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye adabu. Tulipopata kona alinisogelea, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikaitika.

Nilipofunga mdomo, mpira ulikuwa umeshapigwa na yeye ameshauokoa. Kona iliyofuata akaniamkia tena, nikaitika tena. Sikuwa nimefikiri, ni malezi tu yaliyojibu. Mara ya tatu nikanyamaza. Mama aliyekuwa akiuza machungwa nyuma ya goli akapaza sauti:

"We mzee, kijana kakuamkia! Huitiki salamu kwa ajili ya mpira?"

"Mwache, masikio nayo yamestaafu," akadakia mwenzake.

Nikaitika kwa nguvu. Watazamaji walishangilia kuliko goli.

Habari ile ilitutangulia kila tulikokwenda. Mabeki wote sasa walikuwa na adabu. Nisipoitika, watazamaji wananizomea. Nikiitika, mpira umepita. Nikajizoeza nyumbani kuitika huku ninakimbia, kutoka jikoni hadi kwenye uzio. Mke wangu, mwenyeji wa Vugiri, aliacha kuchambua maharage akanitazama.

"Marahaba ya mbio ndiyo ipi hiyo? Unamkimbia nani?"

Kocha wetu, mshona viatu, aliendelea kunipanga. Kabla ya kila mechi alinitazama kama mtu mwenye neno, kisha akanipa jezi.

Fainali ya mashindano yetu ilichezwa Korogwe, na wapinzani walikuwa wale wale wa Magoma. Mbuzi wa zawadi alifungwa karibu na meza ya wageni, akitafuna majani bila habari na sisi. Hadi kipindi cha pili hakuna aliyekuwa amefunga. Mimi nilikuwa sijapiga hata shuti moja. Ndipo tukapata faulo pembeni mwa kumi na nane yao. Refa alikuwa anapanga ukuta, na yule beki kijana wa Segera akaja kusimama ubavuni kwangu kama kawaida.

"Shikamoo, mzee."

Nilikuwa nimechoka kukwepa. Nikamgeukia, nikamwitikia kama ninavyomwitikia mtu aliyekuja nyumbani.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Wazee huko Magoma hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Na mahindi je?"

Filimbi ikalia. Yeye alikuwa ameshaanza kunieleza kwamba mahindi ya bondeni yamekubali ila ya juu yamechomwa na jua. Mpira ukapita juu ya vichwa vyetu. Kijana wetu wa akiba, aliyeingia muda mfupi uliopita, akaupiga kichwa peke yake, ukaingia.

Beki alinitazama mdomo wazi.

"Mzee, umenifunga!"

"Mimi sijagusa mpira," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

Wenzangu walipokuwa bado wanakumbatiana, nilitembea hadi kwenye benchi bila kuitwa, nikavua jezi, nikampa kocha. Mkanda wa mashine uliokazwa kupita kiasi, ukiulegeza, mashine nzima huacha kulia. Ndivyo nilivyojisikia kifuani. Nikakaa chini, nikalegeza njumu, nikaangalia dakika zilizobaki kama mtazamaji yeyote, hata nikamzomea beki mmoja. Mbuzi tukamchukua.

"Alhamdulillahi," kocha alisema jioni ile tukimsubiri mpishi. "Tangu Segera nilikuwa natafuta namna ya kukwambia upumzike."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje? Na mimi nakuamkia shikamoo."

Tulicheka mpaka mpishi akauliza kuna nini.

Wiki ile, wa kwanza kuja karakana alikuwa mteja wa siku nyingi, mashine yake imekufa tangu asubuhi. Nilingoja aanze na mashine. Akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo," akasema, akijizuia kucheka. "Kabla hujaniuliza, mahindi nayo hayajambo."

Nikamvutia kigoda, akakaa. Alitaka nimsimulie lile goli tangu mwanzo.