Kondoo Hasimami Wima

Karatasi ya mwaliko niliiandika mara saba. Nilikuwa na shahada ya baiolojia na ajira ya mkataba katika mradi wa kuotesha titi jipya kwa wanawake waliokatwa kwa sababu ya saratani. Kazi ya maabara niliijua vizuri. Kilichonihangaisha ni mstari mmoja tu: "Tunafanya majaribio kwa wanyama wakubwa."

Neno "wakubwa" nililiweka makusudi. Wanyama wetu walikuwa kondoo na nguruwe, na mtu niliyemtaka kwenye kikao cha Alhamisi ni mama mkubwa, dada yake mama, ambaye anauza kanga Kariakoo na hawezi kukaa meza moja na mtu anayekula kitimoto. Yeye alikatwa titi la kushoto. Mradi ulitaka kusikia kwa wanawake kama yeye, na hadi siku ile hakuna aliyekubali kuja. Wenzake waliokatwa wanamsikiliza. Akikataa yeye, kikao hakuna.

Nilimkuta asubuhi anapanga doti. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikampa karatasi. Aliisoma akiwa ameiweka mbali na macho.

"Wanyama wakubwa," akasema. "Tembo?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Maana mkinipa ziwa la tembo nitatafuta mkokoteni."

Jirani yake anayeuza mitandio alicheka mpaka akakaa chini. "Muulize na kiboko kama yumo!"

"Ni kondoo," nikasema. "Na wengine."

"Wengine akina nani?"

Nilikuwa nimeandaa majibu manne, yote ya kukwepa, na nikabaki nachagua lipi linakwepa kwa adabu zaidi.

"Kitimoto huyo," akasema muuza mitandio. "Mtoto kaona haya."

"Sema nguruwe, mwanangu," mama mkubwa akasema. "Mimi simli. Sijasema nisiambiwe."

Basi nikasema yote. Tunaweka kiunzi laini chini ya ngozi ya mnyama, chenye ukubwa wa kikombe, pamoja na mafuta kidogo ya mwili wake mwenyewe, kisha tunasubiri kuona kama mafuta yataota na kukijaza. Panya hatufai, mwili wake ni mdogo mno kwa kiunzi cha saizi ya mtu. Siku kikifaa, mwanamke atajazwa na mafuta yake mwenyewe. Hakuna cha nguruwe kitakachomwingia.

"Na mimi nitapata lini?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa kuliko nguruwe. "Kwa watu hatujafika," nikasema. "Huenda wewe usipate."

Alimaliza kukunja doti aliyoishika. Akaingia nyuma ya pazia la stoo, akarudi na kunitia mkononi kifuko cha kitambaa cha kanga, bado kina joto la mwili. Ndani kulikuwa na mtama.

"Cha kwanza nilijaza pamba," akasema. "Chepesi. Bega la kushoto likapanda, mgongo ukaniuma mwaka mzima. Nikaweka mtama, nikawa naongeza konzi kwa konzi mpaka nikasimama sawa. Hicho kiunzi chenu kina uzito gani?"

"Sisi tunapima ukubwa wake, na mafuta yameota kiasi gani."

"Sijauliza hayo. Kwa kondoo mmekiweka wapi?"

"Mgongoni."

"Kondoo ana miguu minne, mwanangu, na mzigo mmemtua mgongoni. Mimi nasimama wima, na langu linaning'inia. Atawaambiaje kama bega linamvuta?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu: dini, haya, hasira zake, hata nguo ya kuvaa siku hiyo. Hilo halikunijia hata mara moja. Nilimwambia hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikuona aibu kutojua.

"Alhamisi saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne."

"Karatasi yako baki nayo. Nitasema mwenyewe, wewe utaandika."

Alhamisi walikuja wanne, muuza mitandio akiwa mbele. Mkuu wa mradi alipofungua mdomo kuwakaribisha, mama mkubwa alimwomba radhi, akaweka kifuko chake mezani, na kuuliza kama maabara ina mizani.