Matundu Madogo ya Goti

Nimetengeneza magoti ya watu kwa miaka mingi, hata siku hizi nikikutana na mtu barabarani simtazami usoni, natazama anavyokanyaga. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ni kazi imenizidi, maana hata kanisani macho hayatulii. Mgongo wangu mwenyewe umechakaa kwa kuinama kwenye meza ya upasuaji, na wa kuutibu hayupo.

Kila mwezi natoka hospitali ninakofanya kazi, napanda kuja huku milimani kuwaona walioumia michezoni. Naanzia Katesh, wanakoletwa vijana walioumizana mpirani, halafu naenda Mbulu kwa wanariadha. Hao wa Mbulu sina hamu nao. Ukimwambia apumzike anaitikia vizuri kabisa, sawa daktari, na kesho yake alfajiri yuko mlimani anakimbia.

Dada mmoja wa Nambis, kijiji cha huko huko Mbulu, hakuwa hivyo. Alikuwa ameitwa kambi ya timu ya taifa ya riadha, akateleza kwenye tope wakati wa mazoezi, ikakatika kano ya ndani ya goti, ile inayozuia mfupa wa ugoko usichomoke mbele. Nilimpandikizia nyingine. Siku hizi hatupasui goti zima; tunapitisha kamera kwenye matundu madogo, tunafanya kazi yote humo ndani huku tukitazama skrini. Ilikwenda vizuri, na hilo nalisema bila aibu, kazi yangu naijua. Nikamruhusu arudi kwao, afanye mazoezi niliyomfundisha, asibebe kitu kizito, asikimbie mpaka niseme mimi.

Aliporudi kliniki alikuja na mama yake. Nikampa mama shikamoo, akaitika kwa furaha na kunishukuru sana. Alisema walidhani binti angerudi na kidonda kirefu, kumbe ni vitundu tu kama vya miiba. Wakachinja mbuzi, majirani wakaja kulitazama goti, wote wakakubaliana kwamba kumbe ulikuwa ugonjwa mdogo. Basi binti akarudia kazi zake: maji ya kupandisha kutoka bondeni, majani ya ng'ombe mgongoni. Mama alisimulia hayo yote akitabasamu. Jamani!

Nikamlaza binti kitandani, nikalikunja goti kidogo, nikauvuta ugoko. Ukaja mbele kama droo ya meza. Kano ilikuwa imelegea. Hasira zilinipanda, na maneno makali ya kumwambia yule mama yalikuwa yameshafika mdomoni.

Binti alinisoma usoni akaelewa. Akamwomba mama yake amnunulie maandazi pale nje. Mama alipotoka tu, akaniuliza kama atakimbia tena. Nikamwambia ukweli: nitarudia upasuaji, atatembea vizuri na kulima atalima, lakini mbio za mashindano, hapana. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikamuuliza mbona hakuikataa mizigo. Akasema siku za mwanzo aliikataa, ila mama akawa anashuka bondeni mwenyewe, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Daktari, nakuomba," akasema, "usimwambie kuwa ni yale maji. Mwambie upasuaji haukushika."

Wee, acha tu. Katika maisha haya sina cha kujivunia zaidi ya mikono yangu, na sasa naombwa niiseme vibaya mbele ya mtu. Nilitamani kukataa. Nilimtazama yule binti, aliyetoka kupoteza kila alichokuwa anakitafuta, naye anahangaikia mama yake asije akalala na jambo hili kifuani. Nikashindwa.

Mama akarudi na maandazi kwenye gazeti. Nikamwambia goti halijakaa sawa, nitalirudia, na safari hii nitalifunga plasta nene mpaka pajani. Plasta hiyo haikuhitajika kitabibu. Niliitaka ili kijiji kizima kione kwamba mguu unaumwa. Nikamwambia pia kwamba mbio zimekwisha. Akamtazama binti, akanitazama mimi, akauliza kwa upole nini kimeharibika.

"Nilikosea mimi, mama," nikasema.

Nilingojea lawama, na kusema kweli nilizitaka. Akanivutia kiti, akachagua andazi lililo moto, akanishikisha mkononi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kaa kwanza ule. Umechoka."