Vidonge vya Mama na Muwasho wa Balozi

Mama alikuwa na ukoma, na katika kijiji kipya tuliojua ni baba, mimi na mganga wa zahanati. Tulipohamishiwa kijiji hicho cha ujamaa upande wa Usinge, Mama aliona ni bahati: majirani wapya hawamjui. Vidonge vyake vyeupe alivichukua zahanati. Akiulizwa, alisema ni vya kichwa.

Ndiyo maana balozi wetu wa nyumba kumi alipoumwa kichwa alikuja kwetu kuomba. Mama angemnyima vipi? Balozi alikuwa na maradhi yake mengine, malengelenge ya viwiko na magoti yaliyomwasha mpaka akawa anahutubia mikutano huku akijikuna kwa gunzi la mahindi. Alimeza kidonge kimoja kimoja kwa siku tatu. Kichwa kiliendelea kumuuma. Muwasho ukaisha.

Mama alimuuliza mganga kwa siri. Mganga alisema hajui, kitabu chake kinataja ukoma tu, na huenda hata walioitengeneza dawa hiyo hawajui mengine inayoweza kufanya. Nilimpenda kwa jibu lile, maana kijiji kizima kilikuwa na watu wanaojua.

Balozi, mkweli kupita kiasi, alitangaza habari hizo mkutanoni. Mkutano ukaamua kama ulivyoamua kuhusu majembe: dawa iliyomo kijijini ni ya kijiji. Kopo la vidonge lilichukuliwa, kila nyumba ikagawiwa vidonge vyake iviweke akiba. Mwenyekiti alimsifu Mama kwa moyo wa ujamaa. Mama hakuwa na moyo huo, alikuwa ameduwaa tu. Lakini wanawake walianza kuja kukaa mkekani kwetu kumshukuru, na yeye aliyezoea kujitenga akawa anacheka nao.

Wiki zilipita, vidole vyake viwili vikaanza kufa ganzi. Zahanati dawa ilikuwa imekwisha. Nilimwambia aseme ukweli. Nilimwambia kwa ukali, na mpaka leo naona aibu.

Mkutano uliofuata alisimama. "Vile vidonge ni vya ukoma," alisema. "Mgonjwa ni mimi. Naomba mnirudishie."

Kabla ya magharibi vilikuwa vimerudi karibu vyote. Viliachwa kizingitini, vimefungwa kwenye vipande vya kanga, na hakuna aliyepiga hodi. Wale wanawake hawakuja tena. Niliwachukia wote, mmoja mmoja.

Siku ya sita balozi alipiga hodi wakati tunakula. Viwiko vyake vilikuwa vinatoka damu. Aliomba kidonge kimoja. Mama alimkumbusha kwamba sasa anajua ni vya nini.

"Najua, mama," alisema. "Lakini mimi nawashwa."

Alimeza, akanawa, akakaa mkekani bila kukaribishwa. Kisha akamega tonge kwenye sahani ya Mama, sahani ambayo mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikuwahi kuitia mkono.