Helikopta ya Kukagua Mfereji

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha shule ya jioni, kwamba askari wa kulinda amani, wale wa kofia za bluu, watashuka kijijini kwetu Maji ya Chai kwa helikopta na kufuta amani yoyote iliyofanywa na wanaume peke yao.

Habari hizo nilizipata kwa kinyozi wangu, naye alizipata kwa dereva aliyewabeba wajumbe wa mkutano mkubwa wa kimataifa kule Arusha mjini. Mkutano ulihusu wanawake, amani na usalama. Kinyozi alinisimulia wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu mwenye wembe shingoni habishi.

"Wameshapitisha," alisema. "Mkipatana bila mwanamke kikaoni, mapatano ni batili. Mnarudishwa kwenye ugomvi wenu mkaanze upya."

Sasa mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mfereji, na ugomvi tulikuwa nao. Watu wa juu walikuwa wanafunga maji, sisi wa chini tunabakiwa na tope. Nyanya za mke wangu, tegemeo la nyumba yetu msimu ule, zilikuwa zimesinyaa mpaka zinafanana na wazee wa kamati. Wiki moja zaidi bila maji na tungezizika.

Kamati ilikuwa ya wanaume watupu. Tangu enzi za mababu ilisemekana mwanamke akikalia shauri la mfereji, maji yatakauka. Aliyeinama humo kila asubuhi kumwagilia alikuwa mwanamke, lakini hiyo tuliiita kazi, si shauri. Na shauri lilikuwa na desturi yake: upande unaoitisha kikao unachinja mbuzi, watu wanakula, wanakosana, wanatawanyika. Upatanishi ulikuwa mtamu kiasi kwamba hakuna aliyetaka uishe. Mbuzi wa kata nzima wakimwona mtu ana kalamu walikimbilia Mlima Meru.

Nikamwendea mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, katibu."

Nikamweleza yote.

"Hiyo helikopta itatua wapi?"

"Uwanja ni mmoja tu, mzee. Wa kanisa."

"Itang'oa mabati."

"Yote."

Mabati yale yalikuwa mapya, na kazi ya kuezeka aliisimamia yeye mwenyewe. "Waite wanawake," akasema.

Wakaja, wa juu na wa chini, kwenye kikao ambacho safari hii kiliitishwa na watu wa juu, mbuzi wao akiwa tayari motoni. Tukawapa benchi karibu na mfereji, huko huko juu, kisha wanaume wote tukayakodolea macho maji. Yakaendelea kupita kama kawaida, bila hata kugeuka kutuangalia.

Mke wangu akamgeukia mama mmoja wa juu, wanayeuza naye ndizi sokoni Tengeru.

"Dada, siku ya gulio ninyi mnakuwa wapi?"

"Si tunakuwa wote sokoni."

"Na mashambani kwenu anamwagilia nani?"

"Nani huyo? Maji yanamwagika barabarani tu, pikipiki zinateleza."

"Basi siku za gulio yateremsheni kwetu."

"Na kwenu atamwagilia nani, na wewe uko sokoni?"

Mke wangu akamtazama mbuzi aliyekuwa motoni, halafu akanitazama mimi. "Watu wapo."

Mzee mmoja wa juu akakohoa, akasema jambo zito namna hii linahitaji kikao kingine.

"Kwa mbuzi gani, baba?" akauliza yule mama. "Huyo hapo alikuwa wa mwisho zizini kwako."

Amani ikapatikana nyama ikiwa bado mbichi upande mmoja. Kwa kweli nusu ya wanaume walionekana wamefiwa.

Siku ya gulio iliyofuata nikasimama mferejini na jembe, nimevaa mabuti na tai yangu ya mahafali, maana ukaguzi ni ukaguzi. Kila gari liliponguruma barabara kuu nilisimama wima, macho mawinguni. Maji yalinipita miguuni yakaingia kwenye mahindi ya jirani. Mke wangu, tenga la ndizi kichwani, akasimama kunitazama.

"Baba watoto, unatafuta nini juu?"

"Helikopta."

Hakucheka. "Nimesikiliza redioni. Azimio lile alilokusimulia kinyozi linazitaka serikali ziwaweke wanawake pale amani inapojadiliwa, na ziwalinde kwenye vita. Hakuna askari wa kuja kumkagua mtu. Hata mkikaa wanaume watupu hadi nyanya zioze, hakuna atakayekuja. Ndiyo maana ulipotuita tulikuja wenyewe. Geuza maji."