Visa Zilitoka Mbili Tu: Likizo Yangu ya Theluji na Baba Mkwe

Wakuu, chamgei nyote.

Naandika nikiwa kwa duka yangu ya agrovet, dawa na chakula ya mifugo, hapa Roret. Mvua imefukuza wateja, na hii stori nimeikalia tangu turudi.

Nitawaambia vile ilikuwa. Chumvi siongezi, chumvi ya kutosha nimeona ikimwagwa na lori kwa barabara za Austria kuyeyusha barafu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkisii wa Kericho. Wazazi walikuja kuchuma majani chai kwa estate, mimi nikazaliwa kwa zile nyumba za laini. Nimeoa Mkipsigis, mwalimu wa primary.

Baba yake, nitamwita Mzee, ni mkulima wa chai na ng'ombe huko Kabianga. Mzee wa kanisa. Mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka.

Mimi na Mzee, miaka nane, tumeongea salamu tu.

Harusi yetu hakuipenda. Hakusema kitu, lakini siku hiyo alikula chakula yake yote akiangalia ukuta.

Na kwetu Kisii kuna kitu inaitwa chinsoni. Ni ile heshima ya kuoneana haya, wewe na wazazi, na kwa wakwe ndio kabisa. Chumba analala baba mkwe huingii. Kitanda yake hukalii. Stori za ovyo hampigi.

Mimi niliishika hiyo sheria kama yai. Nikifika kwake nasalimia, nakunywa chai haraka, naenda kusimama na ng'ombe mpaka bibi yangu amalize kuongea na mama yake.

Sasa shemeji yangu Chebet, mdogo wa bibi, ni nurse Innsbruck. Huo ni mji wa Austria uko katikati ya milima ya Alps. Mzee alikuwa amesumbuliwa na presha, daktari akasema apumzike. Nyinyi mnajua mkulima hapumziki akiona majani yake imefika kuchumwa. So Chebet akapanga holiday ya winter, ya kurelax tu. Watu wanne: Mzee, mama mkwe, bibi yangu na mimi.

Tiketi akalipa. Nyumba ya wageni akalipa.

Visa zikatoka mbili. Yangu na ya Mzee.

Nilidhani trip imekufa. Mama mkwe akasema, "Wataenda. Tiketi haiwezi kulala." Bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini kwa nyasi.

Kwa ndege tulikaa siti zimeshikana. Mzee alisoma ile karatasi ya usalama mbele na nyuma, akairudia, akairudia tena. Mimi nilijifanya nimelala, na mtu akijifanya analala masaa nane shingo haisahau.

Innsbruck, wakuu, milima imesimama nyuma ya nyumba kama ukuta wa boma. Baridi minus tisa. Kila kitu nyeupe.

Mzee alisimama nje ya station ya treni, akavua kofia.

Nikajua anafikiria nini. Sisi watu wa chai tukiona nyeupe chini ni mvua ya mawe, na mvua ya mawe ni msiba. Unaamka majani imechanika yote, hakuna kuchuma mpaka ichipuke tena.

"Hii imewamaliza," akasema.

"Baba, hii ni theluji. Ni kawaida yao."

"Kawaida?" Akaangalia watu wakipita na ski, zile mbao za kuteleza, wakicheka. "Shamba zimeisha na wanacheza?"

Alimwendea mzee mmoja amebeba ski, akamshika mkono na mikono yote miwili, akamwambia kwa Kiingereza, "Sorry for your loss." Yule mzungu akashukuru sana. Sijui kama alikuwa amefiwa kweli.

Sasa tukafika kwa nyumba. Room moja. Kitanda moja.

Chebet alikuwa amebook mbili, lakini wale wanawake wakikosa visa, mwenye nyumba akapeana ile ingine. Shemeji akaomba msamaha, akasema kitanda ni kubwa, akakimbia shift.

Tukabaki tunaangalia kitanda.

Mzee akasema anaenda jikoni kuangalia kama kuna majani chai. Mimi nikasema naenda kuoga.

Sikutoka. Nilitandika jacket kwa bathtub nikalala humo. Mzee akibisha kutumia choo, natoka nimeshika tumbo, akimaliza narudi. Siku tatu. Asubuhi kitanda kimetandikwa vizuri, nikajua Mzee ni mtu wa usafi.

Siku ya nne akamwambia Chebet kwa simu, kwa Kipsigis, akidhani sisikii (nimekulia Kericho, wakuu, nasikia yote): "Huyu kijana ana tumbo mbaya. Anaishi bafuni."

Chebet, roho safi, akanunua tiketi mbili za kwenda kuoga maji moto, nje kidogo ya mji. Akasema maji ya pale yanatuliza tumbo na presha pamoja.

Hakutuambia kitu ingine. Anaapa mpaka leo alisahau.

Tukaenda. Mzee kwa short na T-shirt ya kanisa. Mimi short. Maji moto ilikuwa tamu, kila mtu kona yake, tunaangalia milima. Nikafikiri, sasa hii ndio kurelax.

Halafu tukafuata watu kupita mlango fulani wa mbao.

Dada mmoja mfanyakazi akatusimamisha. Akaonyesha picha ya short imechorwa mstari mwekundu.

Mzee akaniuliza, "Anasema nini?"

"Anasema tuvue, Baba."

"Tuvue nini?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Nyuma ya dada, ukumbi umejaa watu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, vile walizaliwa. Wanatembea. Mmoja anasoma gazeti.

Wakuu, mimi na baba mkwe tumesimama mbele ya hiyo kitu pamoja. Akili ilitoka. Nilikimbia. Nikasukuma mlango wa kwanza nimeona, nikadhani unarudi kwa locker.

Ulikuwa wa nje. Ukajifunga nyuma yangu.

Nimesimama kwa theluji, short imelowa, miguu chini wazi. Ule mkanda wa mkono wa kufungua milango niliuacha kwa mfuko wa koti ya taulo, na koti iko ndani.

Kando yangu wamama wawili wa makamo wamelala kwa theluji bila nguo, wanapoa baada ya joto ya ndani. Wakanisalimia, "Grüss Gott." Baadaye Chebet aliniambia hiyo salamu inataja Mungu. Nikafunga macho nikaitikia, hata msaada nikaona haya kuomba.

Hapo mwanzo ni kichekesho. Baada ya dakika chache sio. Miguu iliacha kuuma, na hiyo ndio iliniogopesha. Meno inagonga. Nilipiga kioo, na upande ule mwingine nikaona Mzee.

Alinionyesha mkono, nirudi. Nikamwonyesha mlango umekataa. Akauvuta, kumbe ni wa kusukuma, ukakataa na yeye. Akamgeukia yule dada, lakini dada alikuwa ameenda mwisho wa ukumbi, na kufika huko ni kupita katikati ya wale watu.

Hapo ndio niliona kitu sitasahau.

Mzee alivua T-shirt ya kanisa. Akaikunja mara nne, akaiweka juu ya benchi. Akafunga taulo kiunoni, akatoa short chini yake, akaikunja pia. Akafunika macho na mkono mmoja. Ule mwingine akaunyosha mbele, kama mtu anatafuta swichi ya stima.

Babu mmoja mnene, hana hata soksi, akaushika huo mkono.

Wakaenda hivyo polepole, babu akimwongoza, Mzee akisema "sorry, sorry, God bless" kwa kila mtu asiyemwona. Mpaka mwisho. Wakarudi na dada, mlango ukafunguliwa, nikaanguka ndani.

Waliniingiza kwa sauna, chumba cha mbao chenye joto kama jikoni ya mama siku ya harusi. Wakanifunga taulo. Mzee akakaa kando yangu kwa hiyo benchi, taulo yake ameshika na mikono miwili. Tukaangalia ukuta. Hakukuwa na mtu mwingine.

Tukakaa. Vidole vya miguu vikaanza kuuma tena, nikashukuru.

"Kijana," akasema, "hilo tumbo lako."

"Sina tumbo, Baba. Nilikuwa nalala kwa bathtub."

"Kwa nini?"

Nikamweleza chinsoni. Nikamwambia singeweza kulala kwa kitanda yake.

Akainamia taulo yake. Halafu mabega ikaanza kutetemeka, nikadhani ni presha.

Alikuwa anacheka.

"Mimi nimelala jikoni," akasema. "Chini, kwa koti. Kitanda nilikuachia wewe. Wewe ndio mgonjwa."

Wakuu, shemeji amelipia kitanda siku tatu na hakuna mtu alikigusa.

Tukacheka mpaka akapangusa macho na kona ya taulo. Halafu akasema kitu imenikaa mpaka leo:

"Miaka nane unakuja kwangu unasimama na ng'ombe. Mimi nilidhani umetudharau. Nikamwambia mama Chebet, huyu amechukua msichana na hataki kutujua."

"Baba, hiyo ilikuwa heshima."

"Ungesema."

"Na wewe harusi ulikula ukiangalia ukuta."

Akafikiria. "Nilikuwa nalia," akasema. "Ulitaka niangalie wageni?"

Nilimpa maji, akakunywa, akanirudishia chupa na mimi nikakunywa. Kwa miaka nane nilikuwa sijawahi kunywa kitu imetoka kwa mkono wake moja kwa moja.

Siku zilizobaki tulipumzika sasa. Chebet alileta godoro. Tulipanda cable car, ile ya kuning'inia kwa waya, tukakula supu ya maandazi makubwa, Mzee akakagua ng'ombe wa kijiji kimoja ndani ya zizi akasema wanakula vizuri kuliko machifu. Presha ikapimwa, imeshuka.

Siku hizi akija soko Roret anaingia dukani bila hodi, anakaa juu ya gunia la dairy meal mpaka jioni. Mteja akiuliza huyu mzee ni nani, hanipi nafasi ya kujibu.

"Mimi ni baba yake," anasema. "Tumeoga pamoja Ulaya."

Nimejifunza nini? Heshima ni nzuri, lakini usipomweleza mtu kwamba ni heshima, yeye anaona tu mgongo wako. Mweleze. Na usingoje mpaka mfike kwa sauna.

Pia, ukisikia "kurelax" na wakwe, uliza kwanza vitanda ni ngapi.

Haya wakuu, uwanja wenu. Kuna mwenye amewahi kukaa na mkwe mahali hakuna pa kutorokea? Mlifanyaje? Wa kusema nimedanganya pia karibu, Mzee yuko hapa kwa gunia, nitamsomea comments.